Punia: picha za uchumba zipigwe nyumbani, kijana asikope pesa ya kwenda kusimama Kindu

PUNIA, Maniema – Kuna desturi mpya iliyoingia polepole na sasa inataka kuwa sheria. Kijana akishapatana na msichana, jambo la kwanza ambalo marafiki wanauliza si siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi. Wanauliza: "Foto mutapigia wapi?" Akijibu kwamba watapigia hapa Punia, wanacheka. Jibu linalosifiwa ni Kindu: ukingo wa Lualaba, bustani ya hoteli, pembeni ya gari la mtu ambaye hata hajulikani jina. Kijana anayebaki nyumbani anahesabiwa kuwa hana kitu, au kwamba hampendi mchumba wake vya kutosha.

Desturi hiyo ni mbaya, na wakati umefika iambiwe hivyo waziwazi. Ubaya hauko katika picha zenyewe. Picha ya uchumba ni kitu chema, na watoto watakaozaliwa wataitafuta siku moja. Ubaya uko katika kuchagua mahali kwa kuangalia watu wa mbali watasema nini. Uchumba ni ahadi, na ahadi inataka mashahidi. Mahali pazuri pa picha ya uchumba ni pale ambapo mashahidi wa ahadi hiyo wanaweza kufika kwa miguu yao. Hoteli ya Kindu haina shahidi hata mmoja wa mtoto wa Punia.

Safari na deni lake

Hesabu ianzie barabarani. Mtu anayetoka Punia kwa njia ya Kailo anafikia Alunguli, komini ya Kindu iliyo upande wa mashariki wa mto. Kasuku na Mikelenge, ambako kuna hoteli, maduka na ofisi za jimbo, ziko ng'ambo ya pili. Kwa hiyo baada ya matope, mashimo na madaraja ya miti, bado kuna Lualaba wa kuvuka. Mtu anayeijua barabara hiyo wakati wa mvua hahitaji kuelezwa gauni nyeupe inafika ikiwa na rangi gani.

Na safari hiyo si ya watu wawili. Msichana mwenye wazazi hawezi kupelekwa Kindu na mwanaume ambaye hajajitambulisha, kwa hiyo dada yake au shangazi lazima amsindikize. Hapo kuna moto mbili, mafuta, chakula cha njiani, malazi ya watu watatu au wanne, mtumbwi wa kuvukia na wa kurudia. Halafu nguo mbili au tatu za kubadilisha, viatu, mrembeshaji, mpiga picha, na megabaiti za kutuma picha zenyewe. Akimaliza yote hayo, kijana anarudi nyumbani na picha ishirini kwenye simu, na mahari bado yote.

Pesa hiyo inatoka wapi? Punia, pesa nyingi ya kijana inatoka ardhini. Mchimbaji mdogo wa kasiterite au wa dhahabu, mara nyingi, hafanyi kazi na pesa yake mwenyewe. Mnunuzi anamtangulizia mchele, mafuta, koleo na tochi, kisha anachukua mawe kwa bei anayoitaka yeye. Kijana huyo akienda kwa mnunuzi yuleyule kuomba pesa ya picha, analipa picha kwa mawe ambayo bado yako chini ya ardhi, na bei amekwisha kupangiwa. Anayelima mpunga anauza mavuno kabla ya kukata. Anayefanya biashara ndogo anaomba zamu yake ya likelemba isogezwe mbele, na mama wa watoto watano aliyekuwa akiingojea ada ya shule anarudishwa nyuma.

Halafu siku ya mahari inafika. Baba mkwe anataja mbuzi, vitenge na pesa, na kijana anaomba miezi sita. Miezi sita inakuwa mwaka. Msichana anabaki kwa wazazi wake akiwa mchumba wa kwenye simu, na wakati mwingine mimba inafika kabla ya mbuzi. Wazazi wanamlaumu kijana kwamba ni mzembe, lakini wengi wao waliziona picha za Kindu na wakazipigia vigelegele. Hakuna aliyeuliza zililipwa na nini.

Msichana ndiye anayebaki na picha

Sheria ya nchi iko wazi kuhusu uchumba. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inauchukua uchumba kuwa ahadi ya ndoa, na inasema kwamba ahadi hiyo haimlazimishi mtu kuoa wala kuolewa. Sheria hiyohiyo inataka kila mmoja awe ametimiza miaka 18 ndipo afunge ndoa. Maana yake ni kwamba uchumba unaweza kuvunjika, na kuvunjika kwake si kosa la jinai. Ni jambo la kawaida la wanadamu.

Lakini picha haivunjiki. Imekwisha kwenda kwenye makundi ya WhatsApp, imehifadhiwa katika simu za watu ambao wahusika hawawajui. Na hapo mahali palipochaguliwa panaanza kusema. Picha iliyopigwa katika kiwanja cha baba, bibi akiwa amekaa kwenye kiti na wajomba wamesimama nyuma, inasema: familia ilijua, familia ilikubali. Uchumba ukivunjika, hakuna anayeuliza kitu kuhusu picha hiyo. Picha iliyopigwa kwenye bustani ya hoteli, msichana akiwa peke yake na mwanaume, inaulizwa mara moja: walilala wapi usiku ule? Huenda shangazi alikuwa pale siku zote tatu, lakini haonekani kwenye picha.

Swali hilo si la haki. Hakuna anayemuuliza kijana alilala wapi. Anapata mchumba mwingine na picha nyingine, na maisha yanaendelea. Msichana anatajwa sokoni, kwenye kwaya, kwenye kisima, na akija mwanaume mwingine kujitambulisha anaonyeshwa simu. Wanaosema hivyo wakemewe, na wachungaji na maimamu wana kazi hapo. Lakini mpaka vinywa hivyo vifungwe, mama mwenye akili hatampeleka binti yake mahali ambapo picha itamshitaki.

Mahali pa hatari pasifanywe mapambo

Wapo wanaokwepa gharama ya hoteli kwa kuchagua mahali pabaya zaidi. Ndege ndogo ikitua Punia, kijana anataka kusimama karibu na bawa lake, kana kwamba anapanda. Wengine wanataka bandari ya Kindu, wengine daraja, wengine askari wa pembeni aonekane kidogo ili picha iwe na nguvu. Katika RDC, kupiga picha uwanja wa ndege, bandari, madaraja na kambi za jeshi bila ruhusa kumewaingiza watu wengi mashakani. Simu inachukuliwa, mpiga picha anapelekwa ofisini, na siku ya furaha inaishia kwenye majadiliano ya kiasi gani kitolewe. Kamera ya mpiga picha ndiyo jembe lake. Ikichukuliwa, hata watoto wake hawali.

Wengine wanaamini kwamba shimo la machimbo ni mahali pa fahari, kwa sababu ndipo pesa ilipotoka. Fahari ya kazi inaeleweka. Lakini ukingo wa shimo si jukwaa. Udongo uliochimbwa chini unabomoka bila kutoa taarifa, na baada ya mvua hata mchimbaji mzoefu anakanyaga kwa kupima. Kwenye machimbo yanayofuata sheria, watoto na wanawake wenye mimba hawaruhusiwi kabisa. Mchumba mwenye viatu virefu ana kazi gani pale?

Na mto nao. Mtumbwi unapendeza kwenye picha, hasa jua linapozama. Ndiyo saa hiyohiyo ambayo wavuvi wenye busara wanarudi ukingoni. Watu wanne wamesimama ndani ya mtumbwi mwembamba, mmoja akirudi nyuma na kamera ili wote waingie, hakuna koti la kuokolea hata moja: hiyo si picha ya mapenzi, ni maombolezo yanayotafuta siku. Anayetaka mto apige picha akiwa ukingoni, mchana, miguu ikiwa kwenye mchanga.

Zipo pia sehemu ambazo hazina hatari ya mwili lakini zina wenyewe. Mahali pa jando, makaburi ya machifu, kichaka ambacho wazee hawakitaji jina mbele ya watoto, havifai kuwa pazia la picha. Msichana na kijana wasiojua waulize kwanza. Kuuliza hakulipiwi.

"Punia hakuna kitu"

Hoja kubwa ya vijana ni kwamba Punia hakuna mahali pazuri. Hoja hiyo ndiyo inayouma kuliko zote, kwa sababu inasemwa na watoto wa hapa.

Punia ilijengwa na jasho. Kampuni ya Symétain ilichimba kasiterite hapa na Kalima wakati wa ukoloni. Mwaka 1976 kampuni za bati za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa Sominki. Bei ya bati ikaanguka duniani mwaka 1985, kazi zikafa, na baadaye, mwaka 1997, ikaundwa Sakima. Majina hayo yalibadilika, lakini watu waliobeba mawe walikuwa walewale: babu za vijana wanaosema leo kwamba hapa hakuna kitu. Wajukuu wao wanapita mbele ya majengo yaliyobaki ya kampuni kama wanaopita mbele ya kichuguu. Msichana ambaye babu yake alifanya kazi Sominki akisimama mbele ya moja ya nyumba hizo na mchumba wake, picha hiyo ina maneno mengi kuliko bustani yoyote ya hoteli. Mtoto wao atauliza: "Hii ni nyumba ya nani?" Na kutakuwa na jibu.

Kuna Ulindi. Kuna msitu ambao watu wa Ulaya wanapanda ndege kuja kuuona. Kuna mashamba ya mpunga yanapokuwa mabichi, kuna michikichi, kuna soko asubuhi, kuna kanisa na msikiti ambako wazazi waliombewa. Na zaidi ya yote kuna kiwanja cha nyumbani, kilichofagiwa, chenye mwembe na viti vya kuazima kwa jirani. Mapatano ya ndoa yamekuwa yakifanyika pale kabla simu haijazaliwa.

Kuna sababu nyingine ya kupiga picha nyumbani, na wazee wanaijua vizuri. Vita vya 1998 hadi 2003, pamoja na mapigano ya makundi yenye silaha yaliyofuata katika wilaya hii, yaliwakimbiza watu msituni mara nyingi. Nyumba ziliporwa, masanduku yakaenda na albamu zake. Zipo familia ambazo hazina picha hata moja ya bibi, wala ya nyumba waliyozaliwa. Leo kila kijana ana kamera mfukoni, bibi bado yuko hai na amekaa mlangoni, halafu kijana anasafiri siku mbili kwenda kupiga picha na ua la plastiki kwenye bustani ya mtu. Bibi akifa mwakani, kitakachobaki ni ua hilo.

Wengine walifanyaje

Anayefikiri kwamba picha ya nyumbani ni picha ya maskini amkumbuke Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948. Alipiga watu katika kiwanja, kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Wapenzi, ndugu, akina mama na watoto wao walikuja kusimama mbele ya shuka hilo. Mwaka 1994 picha hizo zilionyeshwa Paris, kwenye jumba la Fondation Cartier, na leo jina lake linatajwa kati ya wapiga picha wakubwa wa Afrika. Hakuna mteja aliyepelekwa mbali kutafuta mandhari.

Mpinzani atasema kwamba Keïta pia aliwaazima wateja saa, redio na suti za kizungu. Ni kweli, na hakuna anayemkataza kijana wa Punia kuazima koti la rafiki. Kuazima koti kwa saa moja hakumtii mtu deni la mwaka. Na aliyetazama picha za Keïta anaona kwanza uso, mikono na kitambaa cha mama. Saa inaonekana baadaye.

Nairobi inafundisha jambo la pili. Maharusi wengi wa kule wanakwenda kupiga picha kwenye msitu wa Karura. Msitu huo haukubaki kwa bahati. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale walipokuwa wakijaribu kupanda mti, kwa sababu ardhi ilikuwa inagawiwa kwa wajenzi. Leo wapiga picha wanalipa ada ili waingie. Maana yake ni kwamba mahali pazuri pa picha panatengenezwa na watu wanaopapenda na kupalinda. Wanaodharau mji wao na kukimbilia kwa jirani hawaachi nyuma yao hata mti mmoja.

Majibu kwa wanaopinga

Wanasema: ni pesa ya kijana, afanye anavyotaka. Ingekuwa pesa yake, hakuna ambaye angesema. Lakini deni la uchumba halibaki kwa kijana. Linaingia na mke nyumbani, linakula kwenye sufuria ya sombe, na mke ndiye anayelima ili lilipwe. Yeye hakukopa, alisimama tu na kutabasamu.

Wanasema: wapiga picha nao wanataka kuishi. Ni haki yao. Lakini mpiga picha wa Punia ndiye wa kwanza kupoteza kijana anapokwenda Kindu. Picha za uchumba zikipigwa hapa, kazi inabaki hapa, na mrembeshaji, mshonaji na mama anayepika wanapata fungu lao. Wapiga picha wa Punia nao waache kuwashawishi wateja kwamba bila safari hakuna picha. Wakae pamoja, wapange bei inayojulikana, wajifunze mwanga wa asubuhi, kwa sababu picha nyingi zinazoitwa mbaya zilipigwa saa saba mchana, jua likiwa utosini.

Wanasema: watu wa Kindu wenyewe wanapiga picha Lualaba, kwa nini wa Punia akatazwe? Wa Kindu yuko kwake. Lualaba ni mto wa baba yake, na mama yake anaweza kushuka ukingoni na kusimama pembeni yake. Kosa ni lilelile kwa kijana wa Kasuku anayedharau mto wake na kubandika Dubai nyuma ya kichwa chake kwa programu ya simu. Na kama mmoja wa wachumba ni wa Kindu, basi picha zipigwe kote kuwili: kwao msichana na kwao kijana, safari ya kujitambulisha itakapofanyika. Safari hiyo ina sababu, na wazee watakuwa ndani yake.

Kinachotakiwa sasa

Wazazi wana neno la kwanza. Wasikubali kuona picha kabla ya kuona watu. Kijana aje na wazee wake, aseme nia yake, ndipo kamera ifunguliwe, hapohapo kiwanjani. Siku hiyo watu wote wamevaa vizuri, chakula kipo, mashahidi wapo. Kuna mpiga picha gani anayehitaji zaidi ya hapo?

Marafiki wana neno la pili. Wanaojifanya kamati na kumsukuma mwenzao hadi kwa mnunuzi wa mawe hawaonekani siku ya kulipa. Kamati yenye mapenzi ifagie kiwanja, ibebe viti, ichangie mbuzi.

Viongozi wa wilaya na machifu nao hawana pa kujificha. Mji mzima hauna bustani moja ya raia iliyotunzwa. Hilo halihitaji pesa ya Kinshasa. Kipande cha ardhi ukingoni mwa mto, miti michache ya kivuli, benchi za mbao za hapahapa, na sharti kwamba kila wachumba wanaopiga picha pale wapande mti mmoja na kuutunza mpaka siku ya ndoa. Kwa miaka kumi Punia ingekuwa na kivuli chake, na kila mti ungekuwa na majina mawili.

Na vijana wenyewe wajiulize swali moja kabla ya kupanda moto kwenda Alunguli: mtoto wao akiishika picha hiyo miaka ishirini ijayo na kuuliza hapa ni wapi na hawa ni nani, watakuwa na la kumjibu? Kama jibu ni hoteli ambayo hawakulala tena na gari ambalo halikuwa lao, pesa hiyo ipelekwe kwa baba mkwe.